Tunaondoka Chini Yake

Amri ya kwanza niliyopewa kwenye boti ya marubani pale Mtwara niliiona ya kikatili. Mzee, serahangi wetu, yaani mkuu wetu botini, alinionyesha meli iliyokuwa inakuja nje ya ghuba, akasema: "Pailoti akishaweka miguu yote miwili kwenye ngazi, sisi tunaondoka. Hatumsubiri afike juu. Tunaondoka chini yake, tena haraka." Nikamuuliza, na akiteleza je? Akajibu, "Ndiyo maana tunaondoka." Sikuelewa, nikanyamaza. Mtoto wa Msangamkuu hamhoji mzee mara mbili siku yake ya kwanza kazini.

Ilikuwa mwaka 2012. Mtwara ilikuwa imechangamka kwa habari za gesi, meli za kuhudumia uchimbaji wa kina kirefu zikiingia na kutoka, kodi za nyumba za Shangani zikipanda kila mwezi. Kijana yeyote aliyejua boti alipata kibarua. Yetu ilikuwa ya mtu binafsi, ya kukodi: leo inabeba wafanyakazi wa melini, kesho inampeleka rubani. Ukisema rubani watu wanafikiria ndege. Mama aliwatangazia majirani kwamba mwanawe anabeba marubani, na mmoja akaja kwa siri kuniomba nimuulizie nauli ya Dar.

Kwa wasiojua: kapteni wa meli anaweza kuwa ameizunguka dunia mara kumi, lakini hajui mafungu ya mchanga ya mlango wa Mtwara yamelalaje. Mlango ni mwembamba na unapinda, na ukishaupita ndipo unapoikuta ile ghuba ya kina kirefu iliyowafanya Waingereza wajenge bandari hapa kwa ajili ya mpango wao wa karanga. Mpango ulikufa 1951, bandari ikabaki. Kwa hiyo rubani, au pailoti kama tulivyozoea kumwita, anaifuata meli nje, anapanda, anasimama karibu na kapteni na kumwongoza mpaka gatini. Kapteni anabaki kuwa kapteni. Pailoti ndiye anayeijua njia.

Shida iko kwenye kupanda. Meli haisimami. Ikisimama usukani haushiki, upepo na mkondo vinaichukua. Inapunguza tu mwendo, na sisi tunakwenda sambamba nayo, tunajibandika ubavuni, ukuta wa chuma unakwenda na boti inakwenda, na katikati yake kuna maji yanayochemka kama sufuria. Juu ya ukuta huo inaning'inia ngazi ya kamba yenye vipago vya mbao. Hiyo ndiyo njia.

Kusi likivuma, Mzee alikuwa anamwomba kapteni ageuze meli kidogo ili ngazi iwe demani, upande uliokingwa, mwili wa meli uwe ukuta wetu dhidi ya upepo. Ngazi ikiwa goshini, upande wa upepo, hatusogei. Makapteni wengine walilalamika kwamba wanapoteza muda. Mzee alikuwa anajibu kwa Kiingereza chake cha baharini, maneno matatu au manne, halafu anaizungusha boti kwenda kuwasubiri mbali. Waligeuza wote.

Jambo la pili ni wimbi. Anayepanda anaikamata ngazi boti ikiwa juu kabisa ya wimbi. Akiikamata boti ikiwa bondeni, wimbi linalofuata litainyanyua boti na kuisaga miguu yake kwenye ubavu wa meli. Kwa hiyo unasimama ukingoni, umeshika chuma kwa mkono mmoja, unayahesabu mawimbi, na hayaji kwa hesabu. Nimewaona watu wazima, wenye vyeti vya ukutani, wakingoja mawimbi kumi na mbili kabla ya kuinua mguu. Sikuwahi kumcheka hata mmoja.

Kuhusu ngazi yenyewe kuna sheria za kimataifa, nami nilikuja kuzijua kama mtu anavyojua sura za kuswalia. Nafasi kati ya kipago na kipago ni sentimita 31 mpaka 35. Baada ya vipago kadhaa lazima kuwe na ubao mrefu, mita 1.8 au zaidi, wa kuizuia ngazi isijipindue mtu akiwa juu yake. Kutoka majini mpaka pa kuingilia melini kukizidi mita 9, ngazi ya kamba peke yake hairuhusiwi. Lazima iunganishwe na ngazi ya mshazari inayoshushwa kutoka juu. Haya yote unaweza kuyaona ukiwa chini, kwenye boti. Usiloweza kuliona ni jinsi ilivyofungwa kule juu. Mzee alikuwa na msemo wake kuhusu hilo, kwamba ngazi ya pailoti ni kifaa cha ajabu: wanaoifunga hawaipandi, na anayeipanda hakuiona ikifungwa.

Maisha yenyewe, ukitoa hizo dakika mbili za ngazi, yalikuwa kusubiri. Tulikuwa na banda la makuti upande wa Msangamkuu, na boti tuliitia nanga nyuma ya mchanga, pametulia. Kutoka pale kwenda nje ni karibu kuliko kutoka mjini. Ramani inasema Msangamkuu ni rasi, lakini kivuko cha mwisho kikishaondoka kwenda mjini, kwetu palikuwa kisiwa tu. Wakala wa meli anasema saa nane usiku. Meli inafika saa mbili asubuhi. Anasema Jumanne, inafika Jumatano jioni. Mbu, mchanga kwenye chai, mchanga kwenye ugali, mchanga kwenye betri ya tochi. Tulikuwa tunachemsha ming'oko, ile mizizi ya porini, tunaweka chumvi, tunakula tukiangalia gizani taa nyeupe juu ya nyekundu iliyokuwa mlingotini mwa boti yetu, ile inayowaambia wenye meli kwamba hapa pana rubani. Binti yangu wa kwanza alizaliwa hospitali ya Ligula nikiwa nasubiri meli iliyochelewa siku moja na nusu. Nilipata habari kwa simu iliyokuwa inakatika, nikasikia "kike" na "salama," mengine nikayajaza mwenyewe.

Siku niliyoielewa ile amri ilikuwa mwezi Juni, mwaka wa pili au wa tatu wangu. Kusi lilikuwa limekaza na jua halijatoka vizuri. Meli ya shehena, ngazi iko demani kama tulivyoomba, ubavu wake unafika mita saba hivi kutoka majini. Kazi yangu ilikuwa kuikamata ngazi, kuivuta kwa uzito wangu wote, kuangalia vipago na kamba, halafu kumpa pailoti ishara. Niliivuta. Ilikuwa imara kama mti. Pailoti wa siku hiyo alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, aliyeniita "bwa'mdogo" na kunipa kofia yake nimshikie kila mara. Akasubiri, boti ikapanda, akaingia kwenye ngazi. Mzee akakata usukani, tukaanza kuachana na meli.

Alipofika kipago cha nane au cha tisa ngazi ikashuka yenyewe. Ilishuka kiasi cha pima moja hivi, karibu mita mbili, ikasimama ghafla kwa mshtuko, na mkono wake mmoja ukaachia. Akawa ananing'inia kwa mkono mmoja, mwili umegeukia baharini, mguu unatafuta kipago hauoni. Mimi nikapiga kelele, "Mzee, rudi! Rudi tumdake!" Nilikuwa nimeshanyoosha mikono kama mtu anayesubiri embe chini ya mwembe.

Mzee hakurudi. Aliongeza moto akatoka mbali zaidi, na kwa sekunde hizo nilimchukia kama sijawahi kumchukia mtu. Pailoti akaachia.

Aliangukia majini, mahali pale pale ilipokuwepo sitaha yetu muda mfupi kabla. Sitaha ya chuma, yenye vishikizo vya kamba, yenye mikono yangu miwili isiyoweza kumzuia mtu wa kilo themanini anayetoka juu. Alizama, jaketi likajijaza hewa, akaibuka. Hapo Mzee alikuwa tayari kwenye redio akimpigia kapteni kelele asimamishe mashine, kwa sababu hatari iliyobaki ilikuwa nyuma: tezi ya meli inakuja na pangaboi linavuta maji. Meli ilimpita. Sipendi kukadiria ilimpita kwa umbali gani. Sisi tukazunguka, tukamkuta ameshasogezwa kaskazini na mkondo, tukamwingiza kwa ule mkanda wa kunyanyulia, akakaa chini, akatapika maji, akauliza redio yake iko wapi.

Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Mwambieni kapteni afunge ngazi upya. Ifungwe kwa kamba zake, siyo kwa kipago. Nitapanda."

Ndivyo ilivyokuwa. Kule juu walikuwa wamekichomeka kipago kwenye chuma cha sitaha, uzito wote ukabebwa na ubao mmoja na vile vijiti vinavyoushikilia, badala ya kamba mbili za pembeni kufungwa kwenye sehemu imara. Mimi nilipoivuta chini nilivuta taratibu, ikashika. Yeye alipopanda, meli ilipolala upande kidogo, ubao ukachomoka na ngazi ikashuka mpaka kipago kingine kikanasa. Baada ya dakika arobaini hivi alipanda, kwa ngazi ile ile iliyofungwa upya, akaingiza meli mpaka gatini bila kasoro. Mikono yake ilianza kutetemeka nchi kavu, mgahawani, ikashindwa kushika kikombe. Mama ntilie akamnywesha chai kwa kijiko kama mgonjwa, hakuna aliyecheka.

Nilimwomba Mzee radhi kwa kelele zangu. Akasema nisiombe radhi. Yeye mwenyewe alipoanza kazi alirudi chini ya mtu. Hakumalizia hadithi hiyo na sikuwahi kuiuliza tena.

Watu wakisikia nilikuwa baharini huniuliza habari za vimbunga. Vimbunga nina kimoja tu cha kusimulia, tena kwa ufupi. Aprili 2019 Kenneth kilipokuwa kinakuja tulitangaziwa, watu wa mwambao wakaambiwa wahamie sehemu salama, na sisi tukaiingiza boti Mikindani, tukaifunga kwenye mikoko pamoja na majahazi na mashua. Wazee pale walikuwa wanasimulia kile cha 1952 kilichoipiga Lindi, kila mmoja na paa lake lililoruka. Tarehe 25 kikapiga Cabo Delgado, kwa wenzetu wa Msumbiji, na sisi tukabaki na roho mikononi na mvua. Kimbunga kina hofu yake lakini kina adabu moja, kinapiga hodi. Siku niliyokikaribia kifo kuliko zote haikupiga hodi, na ilisababishwa na maji kidogo ambayo ungeweza kuyamimina kwenye glasi.

Ni Julai 2016. Saa kumi na moja alfajiri tumempandisha pailoti salama, meli imetangulia, sisi tunaifuata kwa nyuma. Mashine ikakohoa mara mbili, ikazima. Mzee akapiga selfu. Ikawaka, ikazima. Akapiga tena, na tena, nami nikafungua chujio la mafuta nikaona chini yake maji meupe yamekaa. Dizeli ile ilikuwa imeletwa jana yake kwenye mapipa na mtu ambaye tajiri wetu alimwamini kwa sababu bei yake ilikuwa nzuri. Nilitakiwa kumwaga maji ya chini ya chujio kila asubuhi. Sikumwaga. Nilidhani Mzee ameshamwaga, kwa kuwa nilimkuta ametangulia botini. Naye alidhani ni mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Tukatoa maji, tukaanza kutoa hewa kwenye mabomba, lakini selfu zile zote zilikuwa zimeshaimaliza betri. Redio ya boti inakula betri hiyo hiyo. Redio ya mkononi? Nilimtazama Mzee, Mzee akanitazama. Ilikuwa bandani, kwenye chaji. Kila mmoja alijua mwenzake ameibeba.

Tukashusha nanga. Kamba ikaenda yote, pima 30, nanga ikabaki inaning'inia. Pwani yetu ni ya namna hiyo: ukishatoka nje ya mwamba, sakafu inakimbia chini kama ngazi za kisima. Na hapo sasa ndipo mkondo unapokuwa bwana. Ule mkondo mkubwa unaotoka mashariki, ukivuka bahari nzima, unakuja kugonga Afrika karibu na Rasi Delgado, kusini kidogo tu mwa Mtwara, ukagawanyika mara mbili. Tawi moja linashuka Msumbiji, jingine linapanda kwetu, na kipindi cha kusi linapanda kwa nguvu. Mvuvi wa Mtwara hahitaji kusoma kitabu kulijua hilo. Kinachopotea baharini hapa kinatafutwa kaskazini.

Tatizo ni kwamba pwani kutoka Mtwara kwenda Lindi inaingia ndani, inapinda kuelekea magharibi, wakati mkondo unakwenda zake kaskazini. Ukikaa tu ukielea, kila saa nchi kavu inakuwa mbali zaidi upande wako wa kushoto. Jua lilipotoka niliuona mstari wa minazi. Saa moja baadaye niliuona mwembamba zaidi. Simu zilikuwa hazina mtandao, na yangu nilikuwa nimeizima kuitunzia chaji, kama vile nina mtu wa kumpigia katikati ya bahari.

Mzee hakusema mengi. Aliniuliza kama nimeswali, nikasema bado, akasema niswali kwanza kwa kukaa kisha nilete turubai. Tukafunga turubai kwenye pondo mbili, ile miti ya kusukumia boti, tukazisimamisha omo, mbele ya boti, mimi nikiwa nimekumbatia moja na nyingine imefungwa kwenye nguzo ya taa. Kusi lilikuwa linavuma kutoka kusini mashariki, na turubai lile baya, lenye matundu, lilianza kutuvuta. Boti ya mashine haijatengenezwa kwa tanga. Inakwenda kama ng'ombe anayevutwa mkia. Lakini Mzee aliulaza usukani, akawa anaibana kuelekea magharibi kidogo kidogo, mkondo unatupeleka kaskazini naye anatuibia magharibi, kwa saa tatu na zaidi. Mikono yangu iliota malengelenge, yakapasuka, chumvi ikaingia. Nilikuwa namlaumu aliyeleta dizeli kwa sauti, kwa matusi ambayo siyaandiki. Mzee aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Na redio nayo kaiacha yeye?"

Karibu saa nne asubuhi wavuvi wa Sudi walituona. Walikuwa wanarudi na mashua yenye mashine ndogo, wakadhani mwanzoni ni wageni wanaocheza, kwa lile turubai. Wakatupa kamba. Tulipofika Sudi, mmoja akaomba tuwape dumu moja la dizeli kwa kazi yao, ombi la haki kabisa. Mzee akawaambia ukweli: mafuta haya hata adui yako usimpe. Walicheka mpaka wakakaa chini. Pailoti, alipofika gatini na kutuona hatuji, alikuwa ameshatoa taarifa na boti nyingine ilikuwa inatutafuta, lakini karibu na mlango, mahali tulipokuwepo alfajiri. Mzee alipoambiwa alitikisa kichwa tu. Alisema wangemuuliza mvuvi yeyote pale ferry.

Nilifika nyumbani wakati wa magharibi. Mama alikuwa ameshasikia yote, mji wetu hauna siri. Aliniwekea chakula, akaitazama mikono yangu, akaenda kutafuta mafuta ya nazi, hakuuliza kitu. Mke wangu aliuliza kwa niaba ya wote wawili, mpaka usiku wa manane.

Mzee ameshastaafu, anakaa Msimbati, ana mikorosho yake. Mimi sasa ndiye nashika usukani, na vijana wananiona msumbufu. Najua wanavyoniita nikigeuka. Kila asubuhi, kabla ya mtu kugusa ufunguo, nachota dizeli ya chini ya tangi kwenye chupa ya soda iliyo wazi, naiweka juu ya sitaha, nasubiri itulie. Maji ni mazito, yanakaa chini, yanaonekana. Halafu kila mtu ataje kwa mdomo wake alichofanya: chujio, redio, nanga, kamba. Jibu la "nilidhani" silipokei, hata kwa pailoti.

Wiki iliyopita kijana mpya alikuwa ananiharakisha. Meli ya makaa ya mawe ilikuwa imeshapiga simu, pailoti ameshavaa jaketi. Nikaiinua chupa kuelekea jua. Chini yake kulikuwa na maji, unene wa kidole. Nikamwambia kijana azime redio ya muziki, alete spana namba kumi na saba, na pailoti akavua jaketi akakaa kwenye ndoo.